Tusi la Brixton

Asubuhi baada ya maduka ya Brixton, mtaa wetu wa London, kuchomwa kwenye ghasia, nilikaa kwenye basi nyuma ya Bi Icilda, mkunga mstaafu wa kanisani kwetu, mzaliwa wa Jamaika. Mzungu mwenye gazeti na kikombe cha chai akamwambia, "Mama, shida ni hicho Kijamaika chenu. Watoto wetu nao wanakiongea, ona sasa wanachoma mji."

"Nimewazalisha wake zenu kwa hichohicho, hakuna aliyelalamika."

Bwana akatabasamu kama anayemsamehe mtu.

Dereva akafunga breki ghafla, barabara imezibwa. Chai ikammwagikia bwana mapajani, akaporomosha tusi la Kijamaika. Mimi mwenyewe, niliyekua na Wajamaika, silitamki vizuri vile.

Bi Icilda akampa leso. "Umejifunzia wapi, baba?"

"Shuleni. Nimekulia hapahapa."

"Na wewe umechoma duka lipi?"