Shikamoo Aliyonyimwa Bi. Zita

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Zita Margwe, afisa ustawi wa jamii, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Sherehe hii tulipanga iwe ya kumshtukiza. Wapi! Aliigundua wiki ya kwanza tu, baada ya kuwaona watu wawili wasiopatana ofisini kwetu wakiongea kwa upole karibu na birika la chai.

Ndivyo alivyo. Alizaliwa Tlawi kwenye familia ya wakulima, akaanza kazi Mbulu, kisha akahamia Hanang. Amefundisha walimu na wauguzi wa wilaya zote mbili kutambua dalili za mtoto anayefanyiwa ukatili, na kutoa taarifa. Mzazi akieleza kwamba mtoto ameungua kwa uji, Bi. Zita huuliza uji huo ulipikwa na nani, na mtoto alikuwa ameketi wapi. Maelezo yakinyooka mno, husogeza kiti karibu. Wauguzi waliopanda naye basi la Haydom wanadai abiria wenye watoto walikuwa wanajieleza bila hata kuulizwa.

Somo lake kubwa lilihusu shikamoo. Huku kwetu mtoto asiyemwamkia mkubwa huadhibiwa papo hapo, na tunaona tumelea vizuri. Yeye aliwaomba walimu wangoje kidogo. Mtoto anayeamkia watu wote akamruka mmoja, mwulizeni kwa upole, faraghani, kabla ya kushika fimbo. Kushuku kunatosha kutoa taarifa, alisema. Kuthibitisha ni kazi ya polisi na daktari. Walimu wakanung'unika: utamshukuje mzee anayekaa benchi la mbele kanisani? Akawajibu kwamba hata anayewafundisha ashukiwe.

Mwaka juzi, katika shule moja ambayo siitaji, neno hilo lilimrudia. Tulikuwa tumefika kwa semina, watoto wakapanga mstari kutuamkia. Msichana wa darasa la tatu alimwamkia kila mwalimu, na mimi pia, lakini alipofika kwa Bi. Zita akainamisha kichwa akapita. Jamani, tulicheka mpaka machozi. Mwalimu mkuu, Joakimu, akaanza kumwita mtoto arudi aombe radhi.

Bi. Zita hakucheka. Alimzuia Joakimu, akaenda kusimama nje ya lango.

"Mwalimu, nishuku mimi," alisema. "Fanya kama nilivyokufundisha."

Joakimu aliona aibu kubwa, lakini alimkabidhi mtoto kwa mwalimu wa malezi, Marieta, wakakaa wawili tu. Mtoto akasema baba yake mdogo, anayeishi naye, amemwonya kwamba yule mama wa wilayani huwachukua watoto wanaosema mambo ya nyumbani. Marieta alipotuletea habari hiyo tulishusha pumzi. Kumbe ni vitisho vya kawaida tu! Bi. Zita akatuangalia mmoja mmoja.

"Ni mambo gani ya nyumbani anayoogopa yasemwe?"

Huyo baba mdogo alikuwa jirani na rafiki wa Joakimu, walichunga pamoja tangu utoto. Joakimu akatoa simu. Akalipigia mwenyewe dawati la jinsia na watoto la polisi, kabla hatujaondoka. Mengine ni ya mahakama. Niseme tu kwamba mtoto sasa anaishi kwa mama yake mdogo, mdogo wa mama yake mzazi, na Joakimu ndiye anayeendesha semina zetu.

Mwezi uliopita tulikwenda kwa yule mama mdogo kuaga. Msichana alitoka mbio jikoni, mikono ina unga, akampa Bi. Zita shikamoo ya sauti kubwa kuliko zetu zote. Bi. Zita akaitikia marahaba, kisha akageuka haraka kuutazama Mlima Hanang, kana kwamba hajawahi kuuona.

Bi. Zita, tunakushukuru kwa moyo wote. Nenda Tlawi ukalime vitunguu saumu vyako, ucheze na wajukuu, uwe na afya na furaha. Zawadi yetu ni ya nia njema, ingawa tunajua utaikagua. Ukimaliza kuikagua, lala usingizi mzito. Zamu ya kushuku sasa ni yetu.