Nani Anapanga Ruti?

Kijiwe chetu kinatazamana na geti la ghala la vifurushi, na kina vikalio viwili: benchi la mbao lililolegea mguu mmoja, na kiti cha nyuma cha gari ambalo lilishakatwa vyuma vikauzwa. Mwenye birika ni mimi, kwa hiyo mwenye kijiwe ni mimi, ingawa sijaona mtu akinitambua hivyo. Kila asubuhi madereva wakishapakia mizigo hutoka getini, huegesha kando ya barabara, hunywa kikombe kimoja wakibishana, kisha huondoka hadi njia panda ile pale mbele na kukata kulia. Wote. Sijawahi kuona gari la kampuni likikata kushoto kupanda kilima asubuhi, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Kazi yangu ni kahawa.

Asubuhi ninayoisimulia, Dada Taratibu hakugusa kikombe chake. Ndiye dereva mwanamke pekee pale, na jina alipewa kwa sababu hata trei ya mayai ukimpa inafika nzima. Mama yake alikuwa amepasuliwa macho, na asubuhi hiyo ndiyo alikuwa anafunguliwa bandeji, kwenye kliniki iliyo juu ya kilima. Kilichomkera zaidi ni kwamba ndani ya gari lake kulikuwa na maboksi mawili ya kliniki hiyohiyo. Ila kwenye ruti yake kliniki ilikuwa ya mwisho kabisa, ya jioni. Akifika huko, mama atakuwa ameshapelekwa nyumbani na jirani.

– Amesema akifunguliwa macho anataka amwone mtu wake kwanza, si koti la daktari, alituambia. Miaka yote hii ananijua kwa sauti tu.

– Si uombe wakugeuzie ruti? aliuliza Ripoti. Huyu naye ni dereva, na anaitwa hivyo kwa kuwa habari za ofisini anazo kabla ofisi yenyewe haijazipata.

– Nimeomba. Msimamizi kasema yeye hapangi, inatoka kwenye kompyuta. Nikawapigia watu wa kompyuta, wakasema wao wanapokea tu kilicholetwa na ghala. Nikaenda kwa mkuu wa ghala. Akaniambia niongee na msimamizi.

– Wamekupiga danadana, alisema Fundi Saa, ambaye ana kimeza chake cha kutengenezea saa pembeni ya benchi na hukitumia zaidi kuwekea kikombe.

– Basi niambieni nyinyi. Nani anapanga ruti? Nikimjua naenda kumpigia magoti sasa hivi.

Hapo ndipo alipokosea, kuwauliza watu wa kijiwe kitu wasichokijua. Walijisogeza wakakaa vizuri.

– Ni mke wa mkurugenzi, alisema Ripoti.

– Acha hizo.

– Nakwambia. Nyumba yao ina dirisha kubwa linatazama barabara. Mama anapokunywa chai anataka aone magari yanapita, ajue kazi inakwenda. Asipoona gari, anampigia mumewe. Ruti zote zimezungushwa kulifuata lile dirisha.

– Mimi sipiti kwenye dirisha lolote, alisema Dada Taratibu.

– Wewe unapita kwenye la mama mkwe wake. Hujui tu.

Fundi Saa alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu msomi.

– Mimi mashine nazijua, nimefungua saa mpaka vidole vimeota sugu. Ile kompyuta inawasikiliza kwenye hizo simu zenu. Ukisema unapenda mahali, haikupeleki, maana inajua ukifika utakaa. Inakupeleka unapopachukia, ili urudi haraka.

– Basi ngoja nianze kusema naichukia kliniki.

– Umechelewa. Imeshakusikia ukilia.

– Sijalia.

– Ulikaribia. Nayo inasikia hata kukaribia.

Dada Taratibu alitazama simu yake, akaigeuza kifudifudi juu ya goti. Nilimwonea huruma, sitaficha, na wale wengine walinikera, maana walikuwa wanafurahia. Lakini niliwamiminia tu. Mtu akinuna hauzi.

– Kompyuta gani bwana, Ripoti alirudi. Kompyuta haipo. Mimi nimechungulia chumba cha mipango kwa macho yangu haya. Kuna meza, kuna feni, na kuna kiti kimevalishwa koti. Feni inazunguka, mtu hakuna.

– Kwa hiyo anapanga nani?

– Koti.

– Wewe mwendawazimu.

– Chekeni. Siku lile koti lilipopelekwa kufuliwa, si tulikaa getini hadi mchana hatuna ruti? Mzee Kilomita, si unakumbuka?

Mzee Kilomita ndiye mkongwe wa madereva wote. Hutumia maneno kwa ubahili, na kahawa anakunywa bila sukari. Alikizungusha kikombe chake kwanza.

– Mnahangaika bure, alisema. Ruti alipanga marehemu.

– Marehemu yupi?

– Dereva wa kwanza. Wakati huo kampuni ina gari moja, nalo lina klachi mbovu. Kile kilima halikipandi likiwa na mzigo. Kwa hiyo akawa anaanzia kulia, huku tambarare, anapunguza vifurushi mdogo mdogo, jioni gari limekuwa jepesi ndiyo anapanda kushoto. Waliponunua kompyuta, wakaiambia ifanye kama alivyokuwa anafanya yeye. Yule bwana ameshazikwa zamani, gari lenyewe limekuwa masufuria, na sisi bado tunaendesha klachi yake.

Kila mmoja alipiga funda kwa heshima ya nadharia nzuri.

– Hiyo umetunga, alisema Fundi Saa.

– Huenda.

– Hajatunga, alidakia Ripoti, ambaye hapendi kupitwa. Mlinzi wa usiku amewahi kumwona akikagua matairi. Kavaa sare ya zamani, ile ya vifungo. Akikagua gari lako, kesho yake unapewa ruti ndefu.

– Basi njia ni moja, Fundi Saa alisema. Dada Taratibu aende makaburini akaombe ruhusa.

– Lakini apeleke maombi kwa maandishi.

– Na nakala kwa koti.

Wakacheka mpaka benchi likaegemea mguu wake mbovu. Dada Taratibu hakucheka. Alikuwa anatazama kilimani, na jua lilikuwa limeshapanda vya kutosha kwa madaktari kuanza kazi.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mtu mzima mmoja ambaye sikuwa namfahamu. Alivaa shati la kampuni lenye mistari ya mikunjo bado, la kutolewa kwenye mfuko asubuhi hiyo. Alikunywa kahawa yake kwa adabu, akaweka kikombe chini.

– Samahanini, alisema. Mimi ni mgeni, leo ndiyo siku yangu ya kwanza. Dada akikata kushoto, atazuiwa na nani?

Fundi Saa alichukua saa moja ya mteja, akaitazama kana kwamba jibu limeingia humo.

– Simu itapiga kelele, Ripoti alisema mwishowe. Itamwambia amepotea njia.

– Halafu?

– Halafu... itatafuta njia nyingine kutokea hapo alipo.

– Halafu?

– Halafu inanyamaza.

Dada Taratibu alisimama, akakung'uta sketi, akaniachia kikombe kikiwa kimejaa. Aliingia kwenye gari lake akaliendesha kwa ule mwendo wake wa mayai hadi njia panda. Taa ya kushoto iliwaka. Ilipepesa muda mrefu sana, kwa jinsi barabara ilivyokuwa tupu. Kisha gari likakata kushoto, tukalisikia likibadilisha gia, likipanda.

Tulitazama simu za madereva zilizokuwa juu ya benchi, tukingoja ofisi ipige. Hakuna iliyolia. Geti lilifunguliwa, msimamizi akatoka, akajinyoosha mgongo, akatazama barabara pande zote mbili, akarudi ndani.

– Amepita, alisema Ripoti kwa sauti ndogo. Kumbe unapita tu.

Mzee Kilomita alikuwa bado anatazama juu.

– Lile paa la kijani kule ni kwangu, alisema. Mke wangu alipougua, miezi ile yake ya mwisho, kila asubuhi nilikuwa naliona hivi kutoka hapa. Nakata kulia. Nikifika jioni nakuta ameshalala.

– Hukuomba ruhusa, mzee? aliuliza mgeni, taratibu.

– Nilikuwa bado natafuta nani wa kumwomba.

Nilitaka kumwongezea kahawa, lakini alikuwa ameshanyanyuka na kunipa kikombe mkononi, kitu ambacho hana mazoea nacho. Aliwasha gari, akafika njia panda, akasimama pale muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akakata kulia, maana huko juu hana tena mtu.