Moyo Uliorudi: Mama Pelagia Ntirampeba (1938–1999)

Ndugu waombolezaji, mama yetu Pelagia alizaliwa mwaka 1938 huko Makamba, Burundi, mtoto wa tatu wa Mzee Mpawenimana. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Kwenye kwaya mwalimu alimsimamisha nyuma kabisa, ili wenzake nao wasikike.

Mwaka 1957 alifunga ndoa na Tharsisi Havyarimana. Mwaka 1972, wakikimbia mauaji, walivuka mpaka kupitia Manyovu wakiwa wamebeba watoto, wakapata shamba hapa Kitanga, na baadaye wakawa raia wa Tanzania. Maharage yake yalijulikana soko zima la Kasulu.

Sasa tulieni niwasimulie habari ya moyo wake. Oktoba 1993 mwanawe Claude alikuwa Burundi, na vurugu zikamkuta huko. Tarehe 9 Novemba mfanyabiashara mmoja alileta habari kwamba Claude ameuawa. Mama alishika kifua, akaanguka. Hospitalini kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha shambulio la moyo. Lakini kwenye ultrasaundi Daktari Saady aliona jambo la kumshangaza: juu moyo unakaza vizuri, chini umetuna kama kibuyu.

“Siku hiyo kulitokea nini?” akauliza.

“Alikuwa anapalilia,” Mzee Tharsisi akajibu, basi.

Mama akarudishwa nyumbani na amri: asishike jembe, asiimbe, asishtuliwe.

Wiki ya tatu Claude akatokea, mzima! Alikuwa amekimbilia kambi ya wakimbizi huko Kibondo. Familia ikaogopa furaha isije ikammaliza mama, ikamficha kijana kwa jirani, Mama Adija, ambaye kila jioni alikuja kuomba maharage ya mama. Siku ya nne Adija akachoka, akamwambia Mzee Tharsisi: “Shemeji, mtu mzima hafichwi kama mbuzi wa wizi! Nenda kamuulize daktari.”

Mzee akaenda. “Daktari, habari njema inaweza kuua?”

“Habari gani, mzee?”

Ndipo akaeleza yote.

“Mbona hukuniambia siku ile?”

“Mgonjwa alikuwa anasikia, daktari. Kwetu msiba hautamkwi mbele ya mgonjwa.”

“Basi ulinificha nusu ya ugonjwa. Mlete kesho, na huyo kijana aje.”

Kesho yake moyo ulikuwa unakaza wote, juu na chini. Daktari akasema, “Kipimo cha mishipa ya moyo yenyewe hapa hatuna. Lakini moyo ulioharibiwa na mshipa kuziba haurudi hivi. Huu uliduwaa kwa mshtuko, na sasa umepona.” Akafungua mlango mwenyewe, Claude akaingia.

Mama akamshika Claude mashavu yote mawili. “Mwana wanje, mwanangu,” akasema, “umekonda. Nani alikuwa anakupikia?”

“Mama Adija.”

“Kumbe! Ndiyo maana maharage yangu alikuwa anayamaliza!”

Akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Jumapili iliyofuata aliimba, na Jumatatu alishika jembe. Hakuliacha kwa miaka mitano.

Mwishoni mwa mwaka 1998 aliugua saratani ya ini. Alifariki Jumatano tarehe 14 Aprili 1999, mkono wake ukiwa mkononi mwa Claude. Daktari Saady alikuwepo. Alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu, kisha akatuambia kwamba katika mwili wake wote, moyo ndio uliokuwa wa mwisho kuchoka.

Ameacha mume, watoto watatu, Claude, Rosa na Nadine, wajukuu tisa, na jirani yake Adija anayelia kuliko sisi sote.

Mungu ampokee, na moyo ule sasa upumzike kwa amani.