Ng'ombe wa Thadeo

Siku moja ya mwaka 1994, katika basi dogo litokalo Peramiho kwenda Songea, niliketi nyuma ya Mama Odilia, aliyekuwa akimsimulia fundi mwashi mmoja wa Tunduru, Bakili, habari za nyumba yake. Marehemu mwanawe, Thadeo, mchoraji aliyesifika hadi ng'ambo, alianza utotoni kwa kuchora ng'ombe ukutani humo kwa mkaa.

"Watu wa utamaduni wanakuja kesho kuwaona," alisema. "Wakiridhika, nyumba itahifadhiwa. Wasiporidhika, shemeji zangu watamuuzia mfanyabiashara wa mitumba, aibomoe."

"Basi ni heri, mama."

"Heri gani, baba? Wageni wanakuja, nami jana nikaikandika nyumba nzima kwa udongo mweupe, ipendeze!"

Bakili akashika kichwa. "Na ng'ombe?"

"Nimewafunika. Miaka ishirini kila nikikandika nauruka ukuta ule, jana nikauonea haya. Nikiukwangua?"

"Usiguse! Mkaa utatoka pamoja na udongo."

"Sasa niwaonyeshe nini?"

"Waambie wamo ndani."

"Wataniamini?"

Nami, niliyefunzwa chuoni kwa shehe kujiepusha na picha za viumbe, nilijikuta nikiwaombea dua ng'ombe wa mkaa.

Mama Odilia akanyoosha kidole, akachora juu ya vumbi la kioo cha dirisha. "Huyu alikuwa hapa, karibu na mlango. Huyu ana ndama. Huyu pembe yake moja. Thadeo aliitwa kula kabla hajachora ya pili."

Basi liliposimama stendi, konda alitutaka tushuke. Hakuna aliyeinuka, walikuwa wamebaki ng'ombe wawili wa kuchorwa kiooni.