Mwalimu Shigeru Maehata, Aliyesema Bado Anaweza

Majirani wa Bellevue, wamama wa kanisa, na nyie wachezaji mliokuja na kofia zenu, familia imenituma mimi Placide, kaka mkubwa wa mjane wetu Clémentine, niwaeleze huyu tunayemzika leo Jumamosi tarehe 8 Septemba 2018 alikuwa nani, na mnaonijua mnajua naongezaga chumvi, ila leo mkono wenyewe ni mzito.

Shemeji Shigeru alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika mji wa Kochi, Japani, mtoto wa tatu wa fundi wa mapaa, akasoma palepale mpaka sekondari, ingawa walimu walimjua kwa mgongo tu, akikimbilia uwanjani, na mwaka 1980 akaajiriwa Osaka na timu ya besiboli, ule mchezo mmoja anatupa kampira na mwingine anakangojea na rungu. Yeye alikuwa mtupaji wa kuokoa, yaani anakaa benchi mpaka mwenzake achoke, ndiyo anaingia kumalizia, na akiinuka tu, watu elfu hamsini walianza kuvaa makoti waende nyumbani, maana kampira kake kalifika kabla hakajatupwa. Lakini Oktoba 1991 bega likamuuma katikati ya mchezo, mwalimu wake akamuuliza kwa mbali kama anaweza, akajibu anaweza, bega likachanika, na kutupa kukaisha.

Basi akageuka mwalimu, akafika Johannesburg mwaka 2003 kufundisha mchezo huohuo kule Turffontein, karibu na uwanja wa farasi, akaingia saluni ya Clémentine kunyoa nywele ambazo hata hazikuwepo, akarudi kila wiki kunyoa zilezile, mpaka wakafunga ndoa tarehe 12 Mei 2007. Siku ya posa aliinama sana, shangazi zetu nao wakainama, wakidhani kadondosha kitu wamsaidie kutafuta. Mungu akawapa Joël mwaka 2008 na Shekinah mwaka 2011, mama anawasemesha Kiswahili, baba Kijapani, wao wanajibu Kizulu, na wali unaliwa.

Sasa nafika pale Clémentine ameniomba nisiparuke. Jumamosi tarehe 9 Juni mwaka huu yeye Clémentine alikuwa uwanjani amewapelekea wachezaji chai, Gradi akiwa anatupa, huyu Gradi mchezaji wake, mlinzi kwa kazi, mwenye kifua kama friji, mara mwalimu akaondoka benchi akamwendea polepole, hakumuuliza kitu, akanyoosha mkono, Gradi akampa mpira akatoka. Clémentine akamtania mume wake, eish, baba Joël, mbona humuulizi kijana wa watu kama amechoka, naye akamjibu kwamba mtupaji haombi kutoka, ukimuuliza atasema anaweza, kwa hiyo unaangalia bega, ukiona linashuka unamfuata unachukua mpira, mimi hakuna aliyenifuata. Clémentine akacheka, akamwambia nyie Wajapani mna vichwa vya mawe.

Jioni ileile alisukuma sahani ya fufu, mke akamuuliza unaumwa, akasema bado naweza. Julai mkanda wake ulitobolewa tundu jipya, akaulizwa tena, akasema bado naweza, na Clémentine akaamini, sisi wote tukaamini, tukamtania kwamba anajikondesha arudi Osaka kucheza. Jumapili tarehe 5 Agosti Gradi alikuja kumsalimia, akamwona mlangoni amejishika ukuta, hakuuliza lolote, akanyoosha mkono, na mwalimu akampa funguo za gari, wakaenda hospitali. Daktari alisema ni kansa ya tumbo, na kwamba miezi miwili nyuma wangejaribu kitu. Alifariki Jumapili tarehe 2 Septemba 2018, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mke wake.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomhangaikia, majirani wa Bellevue mliopika mpaka moshi ukaonekana Pretoria, wafanyabiashara wa Fordsburg mliotoa vitambaa, walimu wenzake, na Gradi, ambaye Clémentine anasema aliona mlangoni kwa dakika moja kile ambacho yeye alilala nacho ubavuni tangu Juni bila kukiona.

Shemeji, mke wako anasema alikuuliza mdomo akasahau kukuangalia bega, anakuomba radhi mbele ya hawa watu wote, nasi ndugu zake tunaomba pamoja naye. Mungu akupokee, upumzike kwa amani.