Mwacheni Akunje Mwenyewe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Redio ikikoroma, ipigeni kofi la upole ubavuni, maana leo nina mtu wa kuwasimulia. Tumempoteza Shangazi.

Mnanijua mimi, huwa nasema kama bomba lililopasuka. Shangazi aliwahi kuketi ndani ya studio hii, akanisikiliza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, unakimbizwa na nani?" Kwa hiyo leo tutakwenda taratibu.

Mji mzima ulimwita Shangazi. Kazi yake ilikuwa kumsindikiza mtu mwenye ulemavu wa akili mpaka apate ajira, aizoee, kisha yeye Shangazi aondoke. Narudia, kwa kuwa wengi walikosea hapo. Kazi yake ilikuwa kuondoka.

Alianza kama mpishi wa shule maalumu. Kila mwaka wanafunzi walihitimu, wakapigiwa makofi, wakapewa soda, wakaenda zao. Wiki iliyofuata aliwakuta getini. Wamevaa sare zinazowabana mabegani, wamekaa chini ya ukuta wanangoja kengele. Aliwauliza wanafanya nini pale. Mmoja akamjibu, "Tumehitimu, Shangazi."

Hawakuwa na pa kwenda. Hilo ndilo lililomtoa jikoni.

"Mama hakuwa na mpango wowote," binti yake ametuambia. "Alimshika mmoja mkono, akaingia naye karakana ya kwanza aliyoiona, akauliza kama kuna kazi. Walifukuzwa. Akaenda ya pili."

Baadaye chama cha wazazi kilimwajiri aifanye kazi hiyo rasmi. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: kabla ya kumpeleka mtu mahali, aliijaribu ile kazi yeye mwenyewe. Kwenye kuosha magari hakumaliza hata asubuhi. Alisahau kupandisha kioo, akaliogesha gari la mteja ndani na nje. Mteja mwenyewe alikuwa amekaa humo. Shangazi alirudi nyumbani ameloa, akamwambia mumewe, "Sasa najua pa kumwonyesha mtu wangu kwanza. Vioo."

Wasikilizaji wapendwa, sasa niwapeleke kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Chumba kina mvuke, mashine zinaunguruma, kunanukia sabuni na chuma cha moto. Shangazi alimpeleka huko mtu ambaye wenzake wanamwita Meja, kwa jinsi anavyosimama wima hata akiwa kwenye foleni ya chai. Meja ana ulemavu wa akili. Anaelewa, ila anaelewa kwa mwendo wake. Ukimuuliza jambo, analichukua, analigeuza, ndipo analijibu. Wengi huwa wameshaondoka.

Alipewa kazi ya kukunja mataulo na foronya na kuzipanga rafuni, kwa miezi ya majaribio. Akifaulu, anaajiriwa kabisa. Akishindwa, anarudi kwa dada yake kukaa sebuleni na kutazama ukuta.

Tatizo likawa upendo. Ndiyo, upendo. Chumbani humo kulikuwa na Mama wa Pasi, mwanamke mwenye mikono mipana na roho pana kuliko mikono. Kila Meja alipokwama, Mama wa Pasi alimpokonya taulo kwa mahaba yote. Fundi wa mashine naye akamletea kiti. "Kaa baba, pumzika, chukua biskuti." Haukupita muda, Meja akawa mfanyakazi aliyepumzika vizuri kuliko wote hospitalini, wagonjwa wakiwemo.

Msimamizi alikuwa anaona. Akamwita Shangazi. "Huyu bwana ni mtu mwema sana," akamwambia, "lakini sijawahi kumwona anafanya kazi. Mwisho wa mwezi nitamwachia aende."

"Umempima nani?" Shangazi akauliza.

"Meja."

"Hapana. Umempima Mama wa Pasi. Meja hajapimwa bado. Nipe wiki moja."

Msimamizi akampa. Shangazi akaingia chumbani wakati wa chai, akainua taulo moja kutoka rafuni.

"Nani amekunja haya?"

"Meja," akasema fundi, akiangalia kikombe chake.

"Meja anakunja lebo ikiwa nje. Haya yote lebo ziko ndani."

"Shangazi nawe," akasema Mama wa Pasi, "siku hizi umekuwa polisi wa mataulo?"

"Mnataka afukuzwe?"

"Afukuzwe na nani? Sisi tunamsaidia mtoto."

"Mtoto yupi? Huyu mwenye masharubu kumshinda mumeo?"

Watu wakacheka. Mama wa Pasi hakucheka. "Kwa hiyo tumtazame tu akihangaika? Roho hiyo mimi sina."

"Itafute," akasema Shangazi. "Akikwama, mwacheni amekwama. Akiomba kitu, mpeni alichoomba, msiongeze. Mkiendelea hivi, mwisho wa mwezi yuko nyumbani kwa dada yake, na mtakuwa mmempeleka nyinyi." Kisha akageuka. "Meja, na wewe unasemaje?"

Meja akalichukua swali, akaligeuza. Wakamngoja.

"Biskuti ziendelee," akasema. "Kazi wasichukue."

Mama wa Pasi ameniambia kwa simu, na nimemwomba ruhusa nilitaje hili, kwamba siku hiyo alimchukia Shangazi. "Nilisonya njia nzima mpaka nyumbani. Nilimwona ni mwanamke katili."

Wiki ikaanza, na ikaanza vibaya. Mataulo yalirundikana mpaka Meja akaonekana kipara tu. Mama wa Pasi alipiga pasi huku anageuza shingo, akaunguza koti la daktari. Kisha ikafika siku Meja alipolisukuma gari kubwa la mkono la kubebea nguo, akafika mbele ya rafu, akasimama. Mikono chini. Hasogei. Msimamizi yuko mlangoni. Fundi akanyanyuka nusu kutoka kwenye kiti chake, akaganda hapo hapo kama mtu aliyeshikwa na kiuno. Shangazi alikuwa pembeni, mikono mifukoni. Usiku ule alimwambia mumewe kwamba aliificha mikono kwa sababu hakuiamini.

Hakuna aliyemsogelea Meja. Muda ukapita, mashine moja ikamaliza kufua, ikanyamaza.

"Siioni rafu," Meja akasema. "Gari linaniziba. Naomba gari dogo."

Basi. Gari lilikuwa refu kumzidi. Kila siku alikuwa akisukuma mlima mbele ya uso wake, akifika anasahau foronya zinakaa wapi kwa sababu haioni rafu. Hakuwahi kulisema, kwa kuwa kabla hajafungua mdomo, mtu alikuwa ameshamkimbilia. Msimamizi alikwenda mwenyewe kuleta kigari kilichokuwa kimeegeshwa nyuma ya mlango, kimebeba ndoo.

Sasa msitegemee niwaambie kwamba Meja akawa wa kwanza. Hakuwa. Mama wa Pasi bado anamwacha mbali, na anahakikisha unalijua hilo. Lakini mataulo yalifika wodini kabla zamu haijabadilika, na kazi ndivyo ilivyotaka.

Akaajiriwa. Shangazi alimsomea mkataba sentensi moja moja, na akakataa usainiwe mpaka yaongezwe mambo aliyoyadai kila mahali. Meja alipwe kama wenzake wa kazi ileile. Aelekezwe jambo moja kwa wakati. Na asiachishwe kazi kabla hajaelezwa kosa kwa maneno anayoyaelewa, mbele ya mtu anayemwamini, na kupewa nafasi ya kusema kinachomzuia. Msimamizi akauliza kama hilo la mwisho ni lazima. Shangazi akamuuliza kama bado ana lile gari kubwa.

Halafu akaanza kuondoka. Mwanzoni alikaa pembeni ya chumba. Kisha mlangoni. Kisha kwenye benchi ng'ambo ya barabara. Kisha akawa anapiga simu tu. Siku moja akapita kumsalimia Meja baada ya kupotea muda mrefu, na Meja hakumuuliza alikuwa wapi.

"Mimi ningeumia," mumewe ametuambia. "Yeye alirudi na furaha mpaka akaunguza chakula. Na huyo, kumbuka, alikuwa mpishi."

Wasikilizaji wapendwa, Shangazi alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa moyo. Mumewe alikuwa kando yake.

Habari ilipofika kwenye chumba cha kufulia, Meja alivua aproni, akaenda ofisi ya utumishi kuomba ruhusa ya mazishi. Wenzake walimfuata hadi kwenye korido. Mama wa Pasi alikuwa mbele, na anakiri kwamba mguu wake mmoja ulishaingia ofisini kumsemea. Akaurudisha.

Karani alikuwa mgeni. Akaeleza kwamba ruhusa ya msiba hutolewa kwa ndugu wa karibu.

"Amefariki shangazi," akasema Meja.

"Pole sana. Shangazi wa upande gani?"

Meja akalichukua swali, akaligeuza. Pale koridoni kila mmoja ana jibu lake kinywani na hakuna anayelitoa. Karani naye, nampa sifa zake, akaweka kalamu chini akangoja.

"Wa upande wa kazi," akasema Meja.

Alipewa ruhusa.

Kwa mume wa marehemu, kwa binti yake, na kwako Meja, ambaye najua zamu yako imekwisha na unasikiliza, poleni sana. Mungu awatie nguvu, naye ampumzishe Shangazi mahali pema.

Na wewe mwajiri uliyetega sikio, mwenye duka, karakana au jiko la hoteli, nina swali. Je, mahali pako pa kazi mtu kama Meja angengojwa mpaka amalize kusema? Usinijibu sasa hivi. Nenda nalo nyumbani, uligeuze.