Ekseli Iliyolazwa

Kitendawili, mjukuu wangu! Ukimpinda anapindika, ukimwachia anarudi mwenyewe. Umeshindwa? Ni usukani mzima.

Hilo nililijulia kwenye basi la kutoka Kawangware. Mama mmoja, Nthenya, alimtambua aliyekaa kando yake: Opondo, fundi wa lori la mumewe, lile la foo-wili, linalovuta kwa magurudumu yote. Tangu liinuliwe springi lilikuwa likitangatanga barabarani kama mlevi. Sasa limetengenezwa, na asubuhi hiyo mume ameondoka nalo kwenda Kitui.

"Usukani umenyooka, asante. Lakini mbona linanguruma chini?"

"Nimelaza ekseli ya mbele kwa kabari, mama, ndiyo usukani unarudi. Sasa pua ya ekseli imeinama, na propela, ule mtaimbo unaoizungusha, imekaa mshazari kidogo. Itanguruma akiweka foo-wili tu. Kwa lami, kimya."

"Mimi sijauliza mambo ya pua. Wewe ungempandisha mtu wako humo?"

Opondo akarudi kwa springi, kabari, propela. Wanaume na vyuma!

Basi likasimama kituo cha Olympic. Opondo akainuka ashuke, akikuna kichwa. "Mke wangu Apiyo amepanda lori hilo hilo leo, na magunia yake ya omena. Amempakata mtoto wetu."

Nthenya akashusha pumzi, kisha akampiga kofi la bega. "Si ungesema tangu Kawangware!"